Kubashiri msimamo wa divisheni sita za MLB: ushindi wa mwaka jana unadanganya kiasi gani?

Gongo_Kavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna shindano la ubashiri wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada, washiriki kama 40. Fomu inataka upange timu zote 30, nafasi ya kwanza hadi ya tano katika kila divisheni (Mashariki, Kati na Magharibi) ya ligi zake mbili, AL na NL. Ukimpata kinara wa divisheni ni pointi 3. Kila timu nyingine uliyoiweka kwenye nafasi yake halisi ni pointi 1. Fomu zinafungwa mechi ya kwanza ikianza, basi. Mkilingana pointi, anatazamwa aliyekaribia zaidi idadi ya ushindi wa timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote.

Nilichonacho ni jedwali la Excel lenye ushindi wa 2025 wa kila timu. Juu yake naongeza au napunguza kwa kuangalia nani kasajiliwa na nani kaondoka. Nahitaji msaada kwenye haya:

Je, ushindi wa mwaka jana ni msingi unaofaa? Mchezaji mmoja mkubwa akihamia timu nimwongezee ushindi mangapi? Ratiba niipe uzito? Na nikishaandika kwamba timu fulani itaongoza, niamini kwa asilimia ngapi?

Nawasilisha.

---

Hesabu Kwanza

Mkuu, futa hiyo safu ya ushindi. Mahali pake weka safu mbili: mikimbio (pointi za besiboli) ambayo timu ilipata msimu mzima, na mikimbio ambayo iliruhusu. Nguvu ya timu inaonekana humo vizuri kuliko kwenye ushindi, na nguvu ndiyo inayovuka kwenda mwaka unaofuata.

Kanuni ni ya mtakwimu wa besiboli Bill James, ile inayoitwa ya Pythagoras. Chukua mikimbio iliyopatikana, ipandishe kwa kipeo cha 1.83. Fanya hivyo hivyo kwa mikimbio iliyoruhusiwa. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, zidisha kwa 162, idadi ya mechi za msimu. (James alianza na kipeo cha 2, 1.83 inakaa karibu zaidi na matokeo halisi.) Timu iliyopata 760 na kuruhusu 680 inatoka na .551 (sehemu ya mechi inazoshinda), yaani ushindi 89. Kama huna subira ya vipeo, tumia njia ya mkato: kila mikimbio 10 ya tofauti ni ushindi mmoja juu au chini ya 81. Hapa tofauti ni 80, kwa hiyo 81 + 8 = 89. Jibu ni lile lile.

Sasa angalia madhara ya kuamini ushindi mtupu. Texas Rangers wa 2016 walimaliza 95-67 (ushindi 95, kupoteza 67) na kuongoza AL Magharibi, ilhali tofauti yao ya mikimbio ilikuwa +8 tu, timu ya ushindi 82. Siri ilikuwa mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja: walishinda 36 na kupoteza 11. Mwaka uliofuata, 78-84. Baltimore Orioles wa 2012 walikuwa 93-69 kwa tofauti ya +7, na 29-9 kwenye mechi za mkimbio mmoja. 2013 wakashuka hadi 85. Miami Marlins wa 2023 waliingia mchujo (hatua ya mtoano baada ya msimu) kwa 84-78 wakiwa na tofauti ya −57, halafu 2024 wakapoteza mechi 100 kamili (hiyo si bahati peke yake, maana Sandy Alcantara alikosa msimu mzima kwa upasuaji wa kiwiko na wachezaji wengine waliuzwa mapema).

Upande wa pili ni San Diego Padres wa 2023. Tofauti ya +104, ambayo ni ya timu ya ushindi 91 au 92, lakini walimaliza 82-80 kwa sababu walikuwa 9-23 kwenye mechi za mkimbio mmoja na 2-12 kwenye inningi (vipindi vya mchezo) za nyongeza. Watu wakawafuta. Wakamuuza hata Juan Soto kwa Yankees, na 2024 wakashinda 93.

Usiifanye dini, hata hivyo. Seattle Mariners wa 2021 walishinda 90 kwa tofauti ya −51, kila mwenye kikokotoo akasema wataanguka, na 2022 wakashinda 90 tena. Safari hiyo tofauti ilikuwa chanya kabisa, kwa sababu kikosi chenyewe kilikuwa kimebadilika: Julio Rodríguez alipanda kutoka ligi ndogo, Luis Castillo akaletwa katikati ya msimu. Kanuni inakwambia timu ilikuwa nani. Haijui itakuwa nani.

Ukishapata ushindi wa Pythagoras, bado uuvute kuelekea 81. Mimi naukata umbali kwa theluthi, na kwa timu za pembeni kabisa naukata nusu. San Francisco Giants walitoka 107 mwaka 2021 wakaangukia 81 hasa mwaka 2022. Chicago White Sox walitoka 41 mwaka 2024, rekodi ya aibu, wakapanda hadi 60 mwaka 2025 bila kuwa timu nzuri. Jedwali lako la utabiri ni lazima liwe jembamba kuliko msimamo halisi utakavyokuwa mwishoni. Ukijikuta umeandika 108 juu na 45 chini, umetabiri bahati, na bahati haitabiriki.

Kuhusu uhakika: hata ungejua nguvu halisi ya kila timu, mechi 162 zina mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa ushindi 6.4 kwa bahati tupu. Ni kipeuo cha pili cha 162 × 0.25, hesabu ya kurusha sarafu. Ongeza kutojua kwako kuhusu majeraha na viwango, unafika 9 hivi. Kwa hiyo timu uliyoipa 88 iko, mara mbili kati ya tatu, mahali fulani kati ya 79 na 97. Katika divisheni nyingi hapo pana nafasi ya kwanza na ya nne ndani yake.

---

Mama Takwimu

Hesabu Kwanza kasema kweli kuhusu kusafisha mwaka jana, ila hapo unabaki na timu ya mwaka jana. Nusu ya kazi ni kikosi cha mwaka huu, na hapo ndipo wabashiri wengi wanapoharibu.

Swali la mchezaji mkubwa kwanza. Kipimo ni WAR, yaani ushindi anaouleta mchezaji juu ya yule wa akiba unayeweza kumpandisha kutoka ligi ndogo bila gharama. Timu iliyojaa watu wa akiba watupu inakadiriwa kushinda mechi 48 hivi. Kwa hiyo jumla ya WAR ya kikosi + 48 = ushindi. Timu ya wastani inahitaji 33 kufika 81, na timu zote 30 zinagawana 1,000 hivi kwa mwaka.

Nyota aliyekuwa na WAR 6 kwa mwaka usimwandikie 6. Kwa kuwa kila mtu huvutwa kuelekea wastani, na umri unakwenda, mwandikie 4.5. Halafu toa ya yule anayemwondoa kikosini, tuseme 1.5. Faida halisi: ushindi 3. Mashabiki huongeza 10. Chukua New York Mets: walishinda 89 mwaka 2024, wakamsajili Juan Soto kwa miaka 15 na dola milioni 765, naye akafanya kazi yake barabara, home run 43 (mipigo inayotoa mpira nje ya uwanja) na besi 38 za kuiba. Timu ikamaliza 83-79 na kukosa mchujo siku ya mwisho. Hawakuangushwa na Soto. Warushaji wa kuanza (wanaorusha mpira tangu mwanzo wa mechi) waliumia mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa nyuma yao hawakutosha.

Ndiyo maana muda wa kucheza nauhesabu kabla ya kiwango. Mfumo rahisi kuliko yote wa kukadiria wachezaji ni Marcel wa mtakwimu Tom Tango. Kwa mpigaji: nusu ya zamu zake za kupiga za mwaka jana, jumlisha sehemu ya kumi ya zamu za mwaka juzi, jumlisha 200. Aliyepiga mara 650 na kabla ya hapo 600 anapata 325 + 60 + 200 = 585. Umeona? Hata mtu asiyeumia unampunguzia, kwa sababu kundi zima la watu kama yeye hupungua. Kwa mrushaji wa kuanza, nusu ya inningi za mwaka jana, sehemu ya kumi ya mwaka juzi, na 60. Mwenye 180 na 170 anatoka na 167.

Kiwango chenyewe: miaka mitatu, uzito 5, 4, 3 kwa wapigaji na 3, 2, 1 kwa warushaji, mwaka wa karibuni ukiwa mzito. Changanya na wastani wa ligi. Chini ya miaka 29 mwongeze kidogo, juu ya hapo mpunguze kidogo.

Kisha kagua jumla, na hatua hii wengi huiruka. Timu moja hupata zamu 6,100 hivi za kupiga na inningi 1,440 hivi za kurusha kwa msimu. Ukijumlisha wachezaji wako ukapata zamu 5,200, zile 900 zilizobaki lazima zipigwe na mtu, na huyo mtu ni wa akiba, WAR sifuri au chini. Ukipata inningi 1,700, umewapa watu saba nafasi za watu watano. Usipokagua, timu zenye majina mengi zitapaa na timu zenye kina zitazama.

Upande wa warushaji wa kuanza nenda hadi wa nane au wa tisa. Kila timu inatangaza watano mwezi Machi, na karibu hakuna inayomaliza na watano hao. Mrushaji aliyefanyiwa upasuaji wa Tommy John (wa kano ya kiwiko) yuko nje miezi 12 hadi 18, kwa hiyo tazama tarehe ya upasuaji. Kama ilikuwa Agosti iliyopita, mwandikie sifuri, hata kama klabu inasema anaendelea vizuri.

Kama huna muda wa kufanya haya kwa timu 30, na sidhani unao, chukua makadirio yaliyochapishwa ya mifumo ya ZiPS, Steamer na PECOTA, uyafanyie wastani. Wastani wa mifumo kadhaa huwa haupitwi kirahisi na mfumo mmoja. Kazi yako iwe kurekebisha muda wa kucheza tu, pale unapojua habari ya majeraha iliyotoka baada ya wao kuchapisha.

---

Mzee wa Mikeka

Mnamchosha kijana. Mifumo hiyo yote, na majeraha, na fununu za kambi za mazoezi ya machipuko, tayari vimo ndani ya namba za kampuni za kubeti. Wanatoa mstari wa idadi ya ushindi kwa kila timu kabla ya msimu, juu au chini. Chukua mistari 30 siku moja kabla ya kufunga fomu, umemaliza.

Masharti mawili tu. Kwanza, jumlisha. Mechi za msimu mzima ni 2,430, kwa hiyo ushindi wote duniani ni 2,430. Mistari ikijumlika 2,445, sambaza hizo 15 kwa kupunguza nusu nusu kila timu. Pili, timu zenye mashabiki wengi mstari wao huvutwa juu kidogo, kwa sababu watu hubeti kwa mapenzi. Yankees na Dodgers wapunguzie moja ukipenda.

Lakini bwana mdogo, swali lako kubwa hujaliuliza. Unataka pointi nyingi au unataka kushinda watu 39? Si kitu kimoja. Dodgers wameongoza NL Magharibi mara 12 katika misimu 13 kuanzia 2013 hadi 2025, wamekosa 2021 tu walipopitwa na Giants kwa mechi moja, 107 kwa 106. Kila fomu itaandika Dodgers. Ukiwaandika hupati faida juu ya mtu yeyote, ukiwaacha unapoteza pointi 3 mara nyingi kuliko unavyopata. Waandike.

Faida iko kwenye divisheni ambazo anayependelewa ana asilimia 40, wa pili ana 30, na watu 32 kati ya 40 wameandika wa kwanza kwa sababu ya jina. Hapo andika wa pili. Unapoteza kidogo sana kwa wastani, lakini akiingia unawapita 32 kwa mpigo. NL Kati imekuwa shamba la namna hiyo: Milwaukee Brewers waliongoza 2023, 2024 na 2025, na kila mwaka kulikuwa na timu nyingine yenye jina kubwa iliyopewa nafasi zaidi. Mwaka 2024 walikuwa wamempoteza kocha Craig Counsell kwa Cubs na mrushaji wao bora Corbin Burnes kwa Orioles. Wakashinda 93. Fanya hivyo kwenye divisheni moja, mbili mwisho. Ukipindua zote sita mkeka unachanika Mei.

---

Mama Takwimu

Mzee, shikamoo. Mistari ni mizuri, sikatai, ila inatoa namba moja kwa timu na haikwambii upana. Timu yenye vijana wengi na warushaji wanaotoka kwenye majeraha inaweza kuwa na mstari wa 82 sawa na timu ya wakongwe wasiobadilika, lakini ya kwanza inaweza kwenda 95 au 68. Kwenye fomu ya nafasi 1 hadi 5, hizo ni timu mbili tofauti kabisa. Ile pana hukaa juu kabisa au chini kabisa mara nyingi zaidi kuliko ile ya wakongwe.

Kuhusu Brewers nakubali, na sababu si uchawi. Ulinzi wa uwanjani, kukimbia besi na warushaji wanaoingia katikati ya mechi ni vitu ambavyo mifumo huvivuta kuelekea wastani kwa nguvu kuliko upigaji. Klabu inayojenga kwa vitu hivyo itakadiriwa chini kila Machi.

---

Gongo_Kavu (mleta mada)

Asanteni sana, nimeshafuta safu ya ushindi. Mawili yamebaki.

Moja, nikishakuwa na namba, mfano divisheni yenye 91, 86, 83, 80 na 72, napataje asilimia za kila nafasi bila kuandika programu? Pili, nimeona sasa hivi kwamba shindano lina raundi ndogo ya pili baada ya mechi ya All-Star (ya nyota, katikati ya Julai), unachagua vinara sita upya. Hapo hesabu inabadilikaje?

---

Hesabu Kwanza

Excel inatosha. Fungua karatasi mpya, safu A hadi E, timu tano. Kwenye A1 andika =NORM.INV(RAND(),91,9), kwenye B1 weka 86 badala ya 91, na kuendelea hadi E1. Buruta hadi mstari wa 10,000. Kila mstari ni msimu mmoja. Usizungushe desimali, ukizungusha utapata timu zilizolingana na RANK itakuharibia. Kwenye F hadi J weka RANK ya kila timu ndani ya mstari wake, halafu COUNTIF inakuhesabia timu A imekuwa ya kwanza mara ngapi, ya pili mara ngapi. Ukimaliza nakili uzibandike kama thamani, vinginevyo kila ukigusa kitu namba zote zinabadilika.

Timu za Mama Takwimu zenye upana mkubwa zipe 11 badala ya 9. Zile zisizobadilika zipe 8.

Kwa mfano wako, ile ya 91 inatoka kinara mara 49 hivi kati ya 100. Ushindi 5 juu ya anayemfuata, na bado ni chini ya nusu! Wawili peke yao ingekuwa 65 kwa 35 (tofauti 5, mkengeuko wa tofauti ni 9 × 1.41 = 12.7), lakini wa tatu na wa nne nao wanang'ata. Hapo ndipo utaona kwa nini kupatia vinara wote sita, hata ukiwa na 50% kila mahali, ni mara moja kati ya 64. Na mpangilio kamili wa timu tano mara nyingi hauzidi 10% hata kwa chaguo lako bora. Ukiona mtu anajisifu kwamba atapatia divisheni zote sita juu hadi chini, kwa kiwango hicho ni mara moja kati ya milioni.

Kosa linalojirudia kwa wanaoandika programu ni hili: wanaigiza mechi moja moja kwa uwezekano uliowekwa, mara 10,000, lakini nguvu ya timu haibadiliki kati ya uigizaji na uigizaji. Hapo unapata bahati ya 6.4 tu, bila kutojua kwako. Matokeo yake anayependelewa anaonekana ana 60% wakati ana 49. Nguvu yenyewe nayo ichotwe upya kila msimu wa kuigiza, kwa mkengeuko wa ushindi 6 hivi.

---

Jukwaa la Nyuma

Nimechelewa uzi, niongeze ratiba maana imerukwa.

Kabla ya 2023 kila timu ilicheza na mpinzani wa divisheni mara 19, jumla 76. Tangu 2023 ni mara 13, jumla 52, na kila timu inakutana na nyingine zote 29. Athari ya ratiba imepungua hadi ushindi mmoja au miwili. Tena kwa fomu yako ni ndogo zaidi: timu za divisheni moja zinacheza na watu wale wale. Padres na Giants wote wanapata Colorado Rockies mara 13 (43-119 mwaka 2025). Ratiba inawasaidia wakigombea waildikadi (nafasi za mchujo kwa wasioongoza divisheni) dhidi ya timu za Mashariki na Kati. Kati yao wenyewe haiwatenganishi. Usiipe uzito kwenye mpangilio.

Kulingana kwa ushindi ni jambo la kuangalia zaidi. Tangu 2022 hakuna mechi ya 163, ile ya ziada ya kuamua waliolingana. Timu mbili zikilingana, inatazamwa nani alishinda zaidi walipokutana, na kwa kuwa 13 ni namba witiri, karibu kila mara kuna mshindi. Hii imeamua divisheni nzima: 2023 Astros na Rangers wote 90-72, Astros wakachukua AL Magharibi kwa 9-4. Mwaka 2025 Blue Jays na Yankees wote 94-68, Toronto wakachukua AL Mashariki kwa 8-5. Kabla ya hapo, 2022, Braves na Mets walilingana 101-61 na Braves wakaongoza kwa 10-9, enzi za mechi 19. Mwezi Machi huwezi kuitabiri. Kwenye raundi yako ya pili unaweza kuihesabu: timu iliyokwisha kushinda 7 kati ya 13 dhidi ya mpinzani, mwongezee nusu mechi juu ya uongozi wake.

Hesabu ya Julai ni hii. Rekodi ya hadi hapo usiipeleke mbele kama ilivyo. Ongeza mechi 70 za kubuni zenye kiwango ulichotabiri Machi. Timu iliyo 58-39 na uliyoitabiria 84 (.519): mechi 70 za .519 ni ushindi 36.3. Jumla 94.3 kati ya 167, yaani .565. Zilizobaki 65 zitaleta 36.7, inamaliza karibu 95. Wanaopeleka .598 mbele wanaandika 97.

Kisha uongozi. Mechi 65 zikibaki kwa kila timu, tofauti ya ushindi kati ya timu mbili ina mkengeuko wa 5.7. Uongozi wa mechi 6 kati ya timu zenye nguvu sawa ni 85%. Kama anayefuata ni bora kwa .040, atarudisha 2.6 kwa wastani, unabaki na 3.4, yaani 72%. Anayefukuza akiwa bora kweli, uongozi wa Julai ni mwepesi kuliko unavyoonekana.

Na mambo ya ajabu hutokea kwa kiwango kile kile hesabu inachosema. Cleveland Guardians walikuwa nyuma ya Detroit kwa mechi 15.5 mwezi Julai 2025, mechi 70 hivi zikibaki. Ni uwezekano wa asilimia moja hivi. Walimaliza 88-74, Tigers 87-75. Tigers wenyewe mwaka mmoja kabla, Agosti 2024, walikuwa 55-63, wamekwisha kumuuza Jack Flaherty kwa Dodgers, wakamaliza kwa 31-13 na kuingia mchujo. Ukiwa na divisheni sita kila mwaka na timu tatu nne zinazofukuza kila moja, asilimia moja itatokea mbele ya macho yako.

Kitu kimoja cha raundi ya pili: angalia kama fomu inafungwa kabla au baada ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa, mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti. Ikiwa kabla, anayeongoza kwa mechi 2 na yuko tayari kununua ni bora kuliko namba zake. Asiye na cha kutoa kwenye ligi ndogo atabaki alivyo.

---

Mzee wa Mikeka

Marahaba, Mama Takwimu. Hilo la upana nakupa.

Kijana, usisahau swali la kulinganisha pointi: ushindi wa timu bora. Hapo karibu kila fomu itakosea. Watatazama mstari mkubwa kuliko yote, tuseme Dodgers 98, na kuandika 98. Lakini swali halisemi Dodgers. Linasema timu yoyote itakayokuwa juu kati ya 30, na yule wa juu huwa ni mzuri aliyepata bahati pia. Timu bora zilimaliza hivi: 2021 Giants 107, 2022 Dodgers 111, 2023 Braves 104, 2024 Dodgers 98, 2025 Brewers 97. Kwenye ile karatasi ya Hesabu Kwanza weka timu zote 30 kwenye mstari mmoja, chukua MAX ya kila mstari, halafu MEDIAN ya hizo MAX. Ikitoka chini ya mstari mkubwa kuliko yote, umekosea fomula mahali.

---

Gongo_Kavu (mleta mada)

Nimeijaribu kwa mistari ya mwaka jana, imetoka juu ya mstari wa Dodgers kama mzee alivyosema. Hesabu Kwanza, hapo kwenye timu zote 30 nahitaji kulazimisha kila msimu ujumlike 2,430, au niache?

---

Hesabu Kwanza

Lazimisha, ni safu moja tu ya ziada. Jumlisha mstari, toa 2,430, gawanya kwa 30, kisha kila timu ipunguzie hicho kiasi. Mpangilio ndani ya divisheni haubadiliki hata chembe, lakini MAX itakuwa safi zaidi.